Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayesomea mitandao: umjue Van Jacobson

Mpwa wangu,

Ulipotaja waasisi wa intaneti uliishia kwa Vint Cerf na Bob Kahn. Hukukosea. Ila TCP, itifaki waliyoibuni (kanuni za kutuma data na kuhakikisha inafika), ilikaribia kuzama mwaka 1986, na mmoja wa walioiopoa ni Van Jacobson wa Lawrence Berkeley Laboratory, California. Kazi yake ya miaka 30 na ushei ni kufukuzana na kitu kimoja: foleni.

Oktoba mwaka huo, kati ya maabara hiyo na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, kasi iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Si elfu 40, ni 40. Nyaya zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwa watumaji: kila muunganisho ulianza kwa kumwaga kwa mkupuo pakiti (vipande vya data) zote ambazo dirisha la mpokeaji, yaani kiasi anachoweza kupokea kwa wakati mmoja, linaruhusu. Foleni za ruta, vifaa vinavyoelekeza pakiti njiani, zikafurika, pakiti zikachelewa, kipima muda cha mtumaji kikadhani zimepotea, zikatumwa tena. Mtandao ukawa unabeba nakala za nakala.

Mwaka 1988 yeye na Michael Karels walichapisha dawa, nayo ikaingia kwenye 4.3BSD-Tahoe, toleo la mfumo endeshi wa Unix wa Berkeley. Ifuate kwa namba. Mtumaji anaanza na pakiti 1. Kila uthibitisho wa pakiti kufika ukirudi anaongeza 1, kwa hiyo dirisha lake mwenyewe (idadi ya pakiti anazoweza kuwa nazo njiani) linakwenda 1, 2, 4, 8 kwa kila mzunguko. Pakiti ikipotea, anaandika nusu ya dirisha alilokuwa nalo kama kikomo, kisha anarudi 1. Akikifikia kikomo hicho, pupa inakwisha: anaongeza pakiti 1 tu kwa kila mzunguko wa kwenda na kurudi. (Siku hizi mifumo mingi huanza na 10.)

Kipima muda nacho kilirekebishwa. Zamani kilikuwa wastani wa muda wa safari mara 2. Lakini mzigo ukizidi, muda huo haurefuki tu, unayumba pia, na wastani hauoni kuyumba. Leo hesabu ni wastani kujumlisha mara 4 ya mkengeuko, yaani kipimo cha kuyumba huko. Mtihani ukikuuliza sababu, jibu ndilo hilo.

Traceroute unayoitumia kila siku, programu inayoonyesha ruta ambazo pakiti zinapitia, ni yake. Hutuma pakiti yenye TTL 1 (TTL ni idadi ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupitia). Ruta ya kwanza inaipunguza hadi 0, inaitupa na kurudisha taarifa ya ICMP (itifaki ya kuripoti hitilafu), hapo umeipata anwani yake. Kisha TTL 2, 3, mpaka mwisho, majaribio 3 kwa kila hatua. Jaribio lisilojibiwa huonyeshwa kwa nyota, na wanafunzi wengi wakiona nyota tatu hudhani njia imekatika. Kama hatua zinazofuata zinajibu, ruta hiyo imezuiwa tu kujibu. Tcpdump nayo, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti, aliiandika pamoja na Craig Leres na Steven McCanne.

Mwaka 2012, yeye na Kathleen Nichols walitoa CoDel, mbinu ya kudhibiti foleni za ruta. Haiangalii foleni ina urefu gani, bali pakiti imekaa humo muda gani: ukaaji ukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa milisekunde 100, inaanza kutupa pakiti. Mwaka 2016, akiwa Google, alikuwa miongoni mwa waliotoa BBR, mbinu ya mtumaji kuamua kasi ya kutuma, ambayo haingojei pakiti ipotee. Inapima kasi ambayo njia inaweza kubeba na muda mfupi kabisa wa safari. Kwa maoni yangu hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana, maana kupotea kwa pakiti ndiko alikokufanya ishara kuu mwaka 1988.

Jaribu mwenyewe. Endesha ping (programu inayopima muda wa kwenda na kurudi) mtandao ukiwa umetulia, kisha anza kupakia faili kubwa huku ping ikiendelea. Milisekunde zikiruka kutoka makumi hadi mamia, foleni imejaa kwenye modemu, kifaa kinachokuunganisha na laini ya intaneti. Washa fq_codel, aina ya CoDel inayotenga foleni kwa kila mtiririko wa data, kwenye ruta yako na uweke kikomo cha kasi ya kupakia chini kidogo ya kasi halisi ya laini, tuseme asilimia 90. Usipoweka kikomo hicho, foleni itaendelea kujaa ndani ya modemu, na fq_codel haitakuwa na cha kudhibiti.