Barua ya siri ya mwenzetu kazini niliikuta imefungia maandazi

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa miaka 34, nafanya kazi ofisi ya utumishi katika kiwanda kimoja hapa Morogoro. Wafanyakazi hatufiki 150, na mafaili ya wote nayatunza mimi: mikataba, kopi za vitambulisho vya NIDA, fomu za NSSF, makato ya bodi ya mikopo, barua za onyo, karatasi za ED, zile za daktari za kumpumzisha mtu kazi. Ufunguo wa kabati nalala nao. Nakwambia haya ili ujue si mtu wa kuropoka. Hata mume wangu hajui nani analipwa shilingi ngapi pale kazini, na ameshaniuliza sana.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne, nilitoka getini kununua maandazi. Mama akanifungia matatu kwenye karatasi kama siku zote. Nafika mezani, nafungua, naona mhuri wa hospitali. Mafuta yalikuwa yamelowanisha nusu ya karatasi, lakini jina lilisomeka vizuri, na chini yake CTC. Anti, hapa kwetu nani asiyejua CTC ni kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI?

Ilikuwa barua ya fundi wetu mmoja, mtu mzima, ya kuomba aruhusiwe siku zake za kliniki. Aliniletea mwenyewe mwezi uliopita. Alisubiri wenzake watoke, akasema, "Mwanangu, hii naomba iishie hapa." Nikamwambia aondoe shaka.

Nililikimbilia faili lake. Barua yenyewe ipo, na kopi ya meneja ipo. Nikarudi kuitazama ile ya maandazi: imekaa upande, mistari ya mwisho imekatika. Hapo mwili ukanisisimka, maana niliikumbuka. Mashine ilivuta karatasi vibaya, nikatoa kopi nyingine, ile mbovu nikaitupa kapuni. Mimi mwenyewe, huyuhuyu anayelala na ufunguo.

Dada wa usafi ndiye anayemwaga makapu. Karatasi ambazo upande mmoja ni mweupe huziweka kando na kumpelekea mama wa maandazi, ni majirani. Hauzi, anampa tu. Wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba karatasi za ofisi yetu hazitoki nje. Nilirudi kwa yule mama nikanunua bunda lote kwa elfu tatu, akacheka akadhani nataka kumfungulia biashara pembeni yake. Usiku nikazipekua. Kumi na moja zina majina ya watu: za mishahara, barua moja ya onyo la ulevi, kopi za vitambulisho na picha zake. Hizo ni zilizobaki. Zilizokwisha zilifungia maandazi, na wanunuzi wa yule mama ni sisi sisi wa kiwandani.

Kesho yake nikamweleza meneja kila kitu. Akasema nizichome na nifunge mdomo. Kisha, nikiwa bado nimesimama mbele yake, akapiga simu kwa mkandarasi wa usafi: yule dada abadilishwe, "anachezea nyaraka". Anti, sikusema neno. Nimezoea kujiona mtu jasiri kidogo, lakini siku ile ulimi ulinikauka.

Nilipopata sauti nilimkumbusha kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimo katika taarifa nyeti. Nikamwambia zikivuja, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapaswa kujulishwa bila kuchelewa. Akanijibu hiyo ni ya mabenki na kampuni za simu. Si kweli, inamgusa kila anayekusanya taarifa za watu, hata kiwanda kidogo kama chetu. Ila nani atabishana na bosi? Huyu ndiye aliyefunga kamera getini na kutuwekea nywila kwenye kila kompyuta, lakini mashine ya kukatia karatasi nimeiomba mara mbili naambiwa bajeti hairuhusu. Rafiki yangu wa serikalini ananicheka. Kwao kuna masjala ya wazi na masjala ya siri, na si kila mkono unagusa faili la siri. Kwetu yote yamo kwenye kabati moja.

Sasa ninachokosa usingizi nacho ni yule fundi. Ijumaa alipita mezani kwangu akanisalimia kwa furaha, akaniuliza watoto hawajambo. Sijui kama kuna mwingine aliyeiona kopi ile kabla haijanifikia, pengine juu ya bunda pale mezani kwa mama. Nikimwambia, nitamvuruga mtu aliyekuwa na amani yake. Nisipomwambia na akaja kusikia kijiweni, atajua ni mimi tu niliyeishika barua ile.

Yule dada wa usafi anaondoka mwisho wa mwezi huu, ana mtoto wa darasa la pili. Nikiandika barua kukiri kwamba niliyezitupa ni mimi, huenda atabaki, na huenda nitaondoka mimi. Nyumba tunayoishi ni ya kupanga na kodi naichangia nusu.

Naomba unishauri, nianze na nani: fundi, meneja kwa maandishi, au Tume moja kwa moja? Na hizi karatasi je? Sijazichoma, kwa sababu nikizichoma sitakuwa na cha kuonyesha kwamba kosa halikuwa la yule dada. Ziko chini ya godoro langu tangu Jumanne, na najua kabisa kwamba hapa nyumbani pia si mahali pake.

Wako,
Mtunza mafaili, Morogoro