Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Intaneti ya Mtaa, Chanika, Dar es Salaam: Mwaka 2024

Wazee wangu, akina mama, vijana, ndugu wanachama wote mliofika,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na karatasi mmegawiwa mlangoni, kwa hiyo sizirudii. Mimi naanza na bando la siku, maana ndilo lililotukutanisha.

Wengi wetu hapa Chanika tulizoea kununua intaneti kama mafuta ya kupima: kidogo leo, kidogo kesho, na ukijumlisha mwisho wa mwezi unakuta umempita jirani aliyenunua dumu zima. Mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila MB. Mwaka 2018 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Lengo ni zuri, lakini mama anayeuza vitumbua stendi yuko chini sana ya wastani huo, na ndiye ninayemfikiria kila kamati inapokaa.

Ndiyo sababu tulichangishana, tukachukua laini moja kubwa kwa mtoa huduma mwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, tukaigawa mitaani kwa redio za juu ya paa zinazorusha intaneti hewani. Wapo wanaouliza kwa nini tusiuze wenyewe. Kuuza intaneti bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na sitakubali umoja huu ufungiwe kwa sababu ya haraka.

Masika yalitutesa. Redio hizi za gigahezi 5 zinataka zionane bila kizuizi, na majani yaliyolowa maji hunyonya mawimbi yake. Tulizifunga wakati wa jua kali, zote zikasoma vizuri. Mvua zilipokolea, nyumba za bondeni zikapotea hewani, mwembe mmoja mkubwa uko katikati. Fundi aliyefunga alikuwa ameshalipwa fedha zote na simu yake ikawa haipatikani. Kumlipa kabla ya kazi kukamilika lilikuwa kosa la kamati yangu, nawaomba radhi. Wengine walitaka mwembe ukatwe. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Mzee mwenye mwembe ameupanda kwa mkono wake. Vijana wetu wawili walihamishia antena kwenye ghorofa la jirani aliyetukubalia bila kodi, na bondeni wakarudi. Vijana wale nawashukuru mbele yenu.

Kisha ikaja Mei. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, nasi tulikuwa tumeshateremsha antena. Hatujamaliza kupumua, Jumapili ya tarehe 12 intaneti ikasuasua nchi nzima. Simu yangu haikutulia usiku kucha, kila mtu akidhani ni sisi. Kumbe mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilikuwa imekatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku zile nilijifunza jambo ambalo sikulipa uzito kabla: kilichohifadhiwa hapa hapa Dar hakina haja ya kupita baharini, kwa kuwa watoa huduma hubadilishana data jijini kupitia TIX, kituo chao cha kuunganishia mitandao, tangu mwaka 2004.

Tukafanya vivyo hivyo kwa udogo wetu. Kompyuta moja ofisini sasa ina vitabu vya kiada na mitihani ya miaka ya nyuma, na mtoto wa mwanachama anavifungua kwa simu bila kula hata MB moja ya laini yetu. Novemba, watahiniwa wa kidato cha nne walijaa kibarazani mpaka tukaazima mabenchi. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya.

Limebaki jambo la ada. Kamati imegawanyika: wengine wanataka ibaki ya mwezi, wengine wanataka mtu aweze kulipa kwa wiki. Mimi niko upande wa wiki, kwa sababu anayepata riziki ya siku hawezi kukaa na fedha ya mwezi mkononi. Ila mtoa huduma anatudai kwa mwezi, hivyo lazima kwanza tuwe na akiba ya mwezi mmoja ili laini isikatwe wakati michango inakusanywa. Pendekezo liko ukurasa wa mwisho wa karatasi mlizonazo. Naomba tulijadili kabla ya chakula, kisha tupige kura kwa kunyoosha mikono.