Theluthi mbili ya kura za Papa isiguswe

Mhariri, naomba kanafasi. Watu wanasema Papa anachaguliwa na Roho Mtakatifu, naamini kabisa, ila na sheria ya kura, kwamba mshindi apate theluthi mbili, ina kazi yake. Mwaka 1996 Yohane Paulo II aliruhusu kura zikirudiwa zaidi ya mara 30 bila mshindi makadinali wanaweza kukubaliana itoshe zaidi ya nusu, sasa hapo kundi lenye nusu si linakaa tu kusubiri siku ziishe, halina haja ya kubembeleza mtu! Benedikto XVI akaifuta ruhusa hiyo 2007, ikabaki theluthi mbili tu. Hata 2025 kwa makadinali 133 zilitakiwa kura 89, kila karatasi inasomwa kwa sauti, inatobolewa na sindano, inatungwa kwenye uzi, na Leo XIV akapita raundi ya 4. Jamani isibadilishwe tena.

Msomaji wenu, Songea