Walimu wetu hawajagoma

Shangani, Mtwara

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila joto la huku unalijua. Umeniuliza kama ni kweli walimu wetu wa ustawi wa jamii wamegomea teknolojia mpya. Neno hilo limeniuma kwa niaba yao. Hawajagoma, wanasita, na wana sababu.

Kazi yetu ni kukaa na mtu uso kwa uso, umsikie hata yale asiyoyasema. Mwalimu wa miaka mingi akiambiwa apakie slaidi kwenye mfumo wa kufundishia mtandaoni, basi, anaona kazi yake imepunguzwa. Mtafiti Fred Davis aliandika tangu mwaka 1989 kwamba mtu huikubali teknolojia akiona inamfaa kazini na haimtaabishi kuitumia. Semina zetu zinafundisha pa kubofya tu.

Sasa sikia hili. Mwenzangu mmoja, ambaye hakutaka hata kusikia habari za kurekodi, aliwapanga wanafunzi wawili wawili: mmoja afisa ustawi, mwingine mama aliyetelekezwa na mumewe. Wakarekodi kwa simu. Walipotazama, binti aliyekuwa afisa akajiona: mama anafuta machozi, yeye kainamia fomu, anauliza umri wa mtoto wa tatu. Hakuna aliyemsema. Aliomba mwenyewe kurudia. Mwalimu yule sasa ndiye anayetuuliza tutawafuatiliaje hivyo hivyo wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo Newala na Nanyumbu, ambako msimamizi hafiki mara kwa mara.

Hofu yao moja ni yangu pia: siri za wateja. Igizo la darasani halina neno. Lakini sauti ya mtoto aliyefanyiwa ukatili haifai kukaa kwenye simu ya mwanafunzi, wala kesi yake kuingizwa kwenye programu ya akili mnemba ili imwandikie ripoti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu mwaka 2022. Nataka ifundishwe siku ile ile mwanafunzi anapofundishwa kurekodi, si muhula unaofuata.

Nyinyi huko Dar mmetutangulia. Nitumie fomu mnayoombea ridhaa ya mteja, na iwe ya Kiswahili, maana wengi tutawasomea. Nikiipata kabla ya kikao cha idara nitaipeleka mezani.

Msalimie shemeji na watoto. Korosho zako zinakuja kwa basi, nitakupigia zikiondoka.

Ni mimi rafiki yako.