Kabla hujang'oa gego, tukague kwanza kiungo cha taya

Wengi wanaokuja kwenye kliniki yetu hapa Moshi na maumivu ya taya huanza hivi: "Daktari, ling'oe tu hili gego, nimechoka." Tunaligonga jino, tunalipulizia hewa ya baridi, tunapiga picha. Jino ni zima. Kisha tunaweka vidole mbele ya masikio na kumwomba afungue kinywa taratibu, naye anashtuka: "Hapohapo!"

Hapo ndipo kilipo kiungo cha taya. Weka kidole mbele kidogo ya sikio, fungua na ufunge kinywa, utakisikia kikitembea. Taya huzunguka kama bawaba ya mlango, halafu huteleza mbele, na katikati ya mifupa kuna kisahani cha gegedu. Kisahani hicho kikihama kidogo, unasikia "ta!" unapopiga miayo. Mlio peke yake, bila maumivu na bila kinywa kukwama, hauhitaji matibabu. Tunalisema wazi kwa sababu wapo wanaokosa usingizi kwa ajili ya mlio tu.

Maumivu ni jambo jingine, na mara nyingi hutoka kwenye misuli, ile inayotuna shavuni ukibana meno. Ikichoka, maumivu husambaa hadi sikioni, kwenye panja na kwenye magego. Ndiyo maana mtu humaliza chupa ya dawa ya sikio bila nafuu, au hung'olewa jino zima na wiki inayofuata maumivu yako palepale. Tumewapokea watu wa namna hiyo, na inatuuma, maana jino la ukubwani likishatoka halioti tena.

Kinachoichosha sana misuli hiyo ni kubana meno. Wengine husaga usiku wakiwa usingizini. Wengine hubana mchana: fundi cherehani aliyeinamia sindano, mama wa sokoni Mbuyuni anayepiga hesabu ya mzigo, mzazi anayewaza ada ya Januari. Jichunguze sasa hivi unaposoma: meno ya juu na ya chini yamegusana? Hayatakiwi. Meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda mwingine wote midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi ulale kwenye kaakaa. Bandika kipande cha karatasi ya rangi nyuma ya simu yako. Kila ukikiona, legeza taya. Hakigharimu kitu, na kwetu ndiyo tiba ya kwanza.

Taya nalo lipumzishwe kwa wiki mbili hivi. Hapa Kilimanjaro tumebarikiwa, tuna mtori: ndizi na nyama vimepondwa vikalainika, unakunywa bila kutafuna. Weka kando miwa, mahindi ya kuchoma, bigijii na nyama choma ngumu. Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto kilichokamuliwa, dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku. Ukipiga miayo, zuia kidevu kwa kiganja.

Kwa anayesaga usiku tunatengeneza kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa akilala, kwa kipimo cha meno yake mwenyewe. Inalinda meno yasilike. Haiondoi tabia ya kusaga. Na hatukati meno mazima ili "kusawazisha" taya, kwa sababu kilichokatwa hakirudishiki.

Yapo mambo ambayo hayasubiri miadi. Taya likifunguka lisifunge, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kinywa kinachokaza siku chache baada ya jeraha kinaweza kuwa pepopunda. Shavu likivimba pamoja na homa, usilale nalo. Na maumivu ya taya yakija na kifua kubana, jasho na pumzi kukata, hayo ni ya moyo mpaka ithibitishwe vingine: kimbilia idara ya dharura, usije kwetu.

Ukija, tuambie maumivu huzidi saa ngapi. Yakiwa makali unapoamka, tutaanza na usiku wako. Yakipanda jioni, tutaanza na kazi yako. Ikiwezekana njoo na mwenzi wako, maana yeye ndiye anayeyasikia meno yakisagana.