Barua kwa dada yangu aliyeniuliza kuna nini cha kutazama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Uliponiona nikitoka kabla ya jua kuchomoza, darubini shingoni na daftari mkononi, uliniuliza kuna nini cha kutazama kwa ndege kama yangeyange, ambao tumewaona tangu utotoni. Sikukujibu, kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa naenda na jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo, nami naliandika hadharani kwa sababu naamini wapo wengine wanaouliza kama wewe.

Nilikwenda kwenye bwawa lenye matete upande mmoja na miti upande wa pili. Nilichagua alfajiri kwa kuwa ndege hushughulika sana saa za mwanzo, wakitafuta chakula baada ya usiku mzima, na nikakaa mahali ambapo jua lingechomoza mgongoni mwangu, maana ndege akiwa kati yako na jua huonekana kama kivuli tu.

Saa ya kwanza ilinipotea. Darubini yangu imeandikwa 8x42, yaani hukuza mara 8 na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42, nami nilidhani chombo kama hicho kinatosha. Kila nilipoiinua niliona majani matupu. Kumbe nilikuwa nikiyaondoa macho kwa ndege ili niiangalie darubini, kisha namtafuta upya, ilhali inafaa macho yabaki palepale na darubini ndiyo iletwe machoni. Kosa la pili liliniuma zaidi. Ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya kutu alitua karibu nami kabisa, na badala ya kumtazama nikainamia kitabu cha picha kutafuta jina lake. Nilipoinua uso, tawi lilikuwa likitikisika peke yake. Tangu hapo namtazama ndege kwanza mpaka aondoke mwenyewe, ndipo naandika ukubwa wake nikimlinganisha na shomoro, njiwa au kunguru, umbo la mdomo wake, alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini. Kitabu nakifungua mwisho.

Utaratibu huo ndio ulionifungulia mlango. Juu ya matete palikuwa na viota vingi vya mnana, vile vinavyoning'inia kama vibuyu, na kwa muda mrefu nilimtazama dume mmoja wa manjano mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu. Alikuja na ukanda mrefu wa jani, akaukanyaga kwa mguu mmoja, akaupenyeza kwa mdomo, akauzungusha na kuuvuta hadi ukakaza. Alipomaliza alijining'iniza kichwa chini mlangoni pa kiota, akapiga mabawa kwa nguvu huku akipiga kelele. Jike akaja, ambaye rangi yake imefifia kiasi kwamba miaka yote nilimdhania kuwa ndege wa aina nyingine, akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kwenda zake. Nimesoma baadaye kwamba jike hupendelea kiota ambacho majani yake bado ni mabichi, na kwamba kiota kikikataliwa mpaka kikakauka, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza kingine. Dada, jambo hili limekuwa likifanyika mbele ya macho yetu tangu tukiwa watoto, na sisi tulisikia kelele tu.

Nilimwona pia mdiria mweusi na mweupe akisimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kasi na kichwa kimetulia kabisa, kabla ya kujitupa chini na kuibuka na samaki. Alikuwa na mikanda miwili myeusi kifuani, kwa hiyo ni dume. Jike ana mmoja tu, uliokatika katikati.

Na huyo yangeyange wako? Nilimkuta akitembea miguuni mwa ng'ombe, akiwadaka wadudu waliokurupushwa na kwato. Ndege huyu ni wa Ulimwengu wa Kale, yaani Afrika, Asia na Ulaya, lakini mwishoni mwa karne ya 19 alionekana Amerika Kusini bila kupelekwa na mtu, na inaaminika alivuka Bahari ya Atlantiki kwa mabawa yake mwenyewe. Kufikia 1953 alikuwa akitaga mayai Florida, nchini Marekani. Kila nikimwona sasa namtazama kama msafiri, na kwa kweli naona haya kwamba nilimpita miaka mingi bila kumgeukia.

Jumamosi ijayo nitakwenda tena, na ninakuomba tufuatane. Vaa nguo za rangi iliyofifia na viatu visivyopiga kelele. Matete hatutayasogelea, kwa sababu ndege aliyeshtuliwa anaweza kuyaacha mayai yake yapoe. Darubini ni moja, hivyo tutapokezana; wewe utaanza, na wa kwanza kumtazama awe yangeyange. Ikiwa ni msimu wake wa kuzaa, utamwona ana manyoya ya rangi ya mchanga utosini, kifuani na mgongoni. Hayo mimi sijayaona bado, na ningependa tuyaone pamoja.

Ni mimi, mdogo wako.