Ofisi zikiunganishwa, orodha za watu zisizagae

Wadau wa masijala na TEHAMA, Lindi na Mtwara, habari za asubuhi.

Mmeona TIC, kituo cha uwekezaji, na EPZA, mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, zilivyounganishwa kuwa mamlaka moja, TISEZA, mwaka 2025. Huku kwetu nako, ofisi ikivunjwa au kuhama, macho yote huwa kwenye magari, viti na nani kapangiwa wapi. Majalada yanabaki koridoni, mlango wazi.

Sasa chukueni daftari la wakulima wa korosho: jina, namba ya simu, akaunti ya benki, makadirio ya kilo. Likimfikia mtu wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo nje ya mnada, anajua kabisa amfuate nani na ana kilo ngapi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa nyeti, sawa na afya yake.

Kwa hiyo naomba jambo moja tulisimamie kweli: mtumishi akihama, akaunti yake ya mfumo ifungwe siku hiyohiyo. Tusisubiri barua izunguke. Kompyuta za zamani nazo msidanganyike, kufuta faili hakutoshi. Diski isafishwe kwa programu maalumu au ivunjwe kabla haijapelekwa mnadani.

Majalada ya karatasi yasichomwe kienyeji, kuna utaratibu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Makabidhiano yawe na orodha na sahihi za pande zote mbili.

Tafadhali, orodha za watu msizipige picha na kuzirusha humu kundini, hata kama ni za "kuhakiki tu". Nitazifuta.